Lenzi Ubongoni mwa Panya: Je, Kiswahili Kina la Kusema?

Mwezi uliopita nilialikwa kuzungumza na walimu wa shule za upili kuhusu istilahi za sayansi katika Kiswahili. Mada hii si ngeni kwangu. Nimeihutubia mara nyingi hata hotuba yenyewe hutoka kinywani bila ya kuhitaji karatasi. Nilitaja, kama ilivyo ada yetu sisi watu wa isimu, Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam mwaka wa 1990. Nikasisitiza kwamba hakuna lugha iliyozaliwa na istilahi mdomoni. Nikapigiwa makofi, nikaketi.

Ndipo mwalimu mmoja wa Baiolojia, mama wa makamo aliyekuwa ameketi safu ya nyuma, alipoinua mkono. "Daktari," akasema, "hayo ya kwamba Kiswahili kinaweza tumeyasikia tangu tukiwa chuoni. Mimi nina mwanafunzi aliyeniletea picha ya panya aliyevikwa kidude kichwani mfano wa kofia, na waya mwembamba umetokeza juu yake. Maelezo yanasema kwamba kidude hicho ni hadubini, na kwamba panya mwenyewe ana lenzi ndani ya ubongo. Mtoto ameniuliza mambo mawili: lenzi imeingiaje humo, na je, panya anaumia? Hebu jibu kwa Kiswahili, nami nitampelekea."

Nilianza vyema kwa "panya" na "ubongo" na "fuvu". Nilipoifikia lenzi yenyewe nikajikuta nimevuka mpaka na kuingia katika Kiingereza, na sikurudi tena hadi mwisho wa jibu. Walimu hawakucheka. Walinitazama kwa ile huruma ambayo mwalimu humtazama nayo mwanafunzi hodari aliyeshindwa na hesabu rahisi. Nilirudi nyumbani nimefedheheka, nikaazimia kulisoma jambo hili mpaka niweze kulieleza. Makala haya basi ni jibu lililochelewa, na nimelielekeza kwa mwalimu yule na kwa kila mwalimu ambaye huenda siku moja akaulizwa vivyo hivyo.

Tuanze na shida iliyowasukuma wanasayansi kufika huko. Ubongo mbichi si kioo. Nuru ikiingia ndani yake hutawanyika huku na huku, kama mwanga wa taa za gari unavyotawanyika katika ukungu wa Limuru alfajiri. Kwa zaidi ya karne moja, aliyetaka kuziona seli za ubongo kwa hadubini hakuwa na budi kuukata ubongo uliokufa vipande vyembamba na kuvipaka rangi. Hivyo ndivyo walivyofanya Camillo Golgi wa Italia na Santiago Ramón y Cajal wa Uhispania, waliotunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel mwaka wa 1906. Waliona maumbile ya ajabu, lakini waliona maiti. Seli iliyokufa haimwambii mtu ilikuwa ikifanya nini ilipokuwa hai.

Wengine waliamua kusikiliza badala ya kuona. Mwaka wa 1971, huko London, John O'Keefe na mwenzake Jonathan Dostrovsky walieleza jinsi walivyotia nyaya nyembamba katika ubongo wa panya walioweza kutembea, wakagundua kwamba zipo seli ambazo hushtuka pale tu panya anapofika mahali fulani. Seli hii kwa pembe ile, nyingine kwa pembe nyingine, mithili ya ramani. Ugunduzi huo ndio uliompatia O'Keefe sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka wa 2014, pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser wa Norway. Hata hivyo waya una upungufu wake. Husikia seli chache zilizo jirani, na ni vigumu kuwa na yakini kwamba seli unayoisikia leo ndiyo ile uliyoisikia wiki mbili zilizopita.

Seli hizo ziko katika sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi. Jina hili lilitolewa katika karne ya 16 na tabibu wa Bologna, Giulio Cesare Aranzi, ambaye alipoitazama sehemu hiyo aliona umbo la samaki mdogo aitwaye farasi wa baharini. Nalitaja hili kwa sababu wapo wenzetu wanaodhani istilahi za Kizungu zilishuka kutoka mbinguni zikiwa zimekwisha kamilika. Kumbe nyingi ni hivi: mtu alitazama, akafananisha, akataja. Mvuvi wa Lamu angeweza kufanya vivyo hivyo.

Na kutoka baharini ndiko ulikotokea msaada uliofuata. Mwaka wa 1962 Osamu Shimomura, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alieleza protini aliyoipata kutoka kwa yavuyavu, yule mnyama laini wa baharini ambaye wavuvi wengine humwita konyeza. Protini hiyo ikimulikwa kwa nuru ya buluu hurudisha nuru ya kijani. Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien walitunukiwa Nobel ya Kemia kwa kazi hiyo mwaka wa 2008. Kabla ya hapo, mwaka wa 2001, Junichi Nakai na wenzake wa Japani walikuwa wamekwisha kuiunganisha protini hii na nyingine inayoshika kalsiamu. Matokeo yake ni protini ambayo haing'ai sana mpaka ikutane na kalsiamu. Ikumbukwe kwamba seli ya neva inaposhtuka, kalsiamu huingia ndani yake kwa wingi. Kwa hiyo ukiitia seli protini hii, kila ishtukapo itang'aa. Kilichokuwa mshtuo wa umeme usioonekana kimegeuka kimulimuli.

Ila kimulimuli hicho kimo gizani, chini ya nyama ya ubongo. Katika panya mdogo wa maabara, hipokampasi iko kina cha zaidi kidogo ya milimita 1 kutoka juu. Milimita 1 ni kitu gani? Kwa nuru inayotawanyika, ni safari ndefu. Hapa ndipo inapohitajika lenzi, na hapa ndipo mimi nilipokwama mbele ya walimu.

Lenzi tuliyoizoea, ile ya miwani, huipinda nuru kwa sababu ya umbo lake: imevimba katikati au imebonyea. Lenzi inayotumiwa katika kazi hii haikuvimba wala kubonyea. Ni kijiti cha kioo, kama kipande cha risasi ya penseli, chenye ncha bapa pande zote mbili. Upana wake ni nusu milimita au milimita 1, na urefu wake ni milimita chache. Siri yake imo ndani. Kioo chenyewe kimetengenezwa hivi kwamba katikati huipunguza kasi ya nuru zaidi kuliko pembeni, na mabadiliko hayo huenda kidogo kidogo kutoka kiini hadi ukingoni. Nuru inayopita humo haivunjiki ghafla kama ufito uliochovywa majini. Hupinda polepole njia nzima.

Je, tuna mfano wa jambo hili? Tunao, tena kila msafiri wa barabara ya Mombasa ameuona. Jua la saa saba likiwaka, lami huonekana mbele kana kwamba imemwagikiwa na maji, nawe ukifika hakuna maji. Hayo ni mazigazi. Hewa iliyo karibu na lami ina joto jingi, ya juu yake ina joto pungufu, na nuru inapopita katika tabaka hizo hupinda hatua kwa hatua mpaka mbingu ikaonekana chini. Lenzi hii ni mazigazi yaliyofungiwa ndani ya kioo na kutiwa adabu. Mwalimu wa Fizikia akisema "lenzi ya mpindo wa polepole", kisha akawakumbusha wanafunzi mazigazi, nadhani atakuwa amefundisha zaidi kuliko yule atakayeandika ubaoni herufi nne za Kiingereza na kuamuru zikaririwe. Lenzi za ukoo huu, kwa njia, zimo pia katika baadhi ya mashine za kunakilia. Huenda mtihani wako wa mwisho ulipitia humo.

Sasa lenzi inaingiaje? Nitaeleza hatua kwa hatua jinsi ifanywavyo kwa hipokampasi, nami namwomba msomaji asiruke aya hizi mbili hata kama hazipendezi.

Kwanza panya hupewa dawa ya nusukaputi kwa kuivuta puani, na kichwa chake hushikizwa katika kitalu cha chuma ili kisitikisike hata kwa sehemu ya milimita. Hulazwa juu ya kitu chenye joto, kwa kuwa mnyama aliyelala usingizi wa dawa hupoteza joto upesi, na macho hupakwa mafuta yasikauke. Ngozi ya kichwa hupasuliwa. Mtafiti hutafuta juu ya fuvu mahali ambapo mifupa yake hukutana, na kutoka nukta hiyo hupima kwenda nyuma na kwenda kando, kama mpimaji wa ardhi anavyopima kutoka kwenye jiwe la mpaka. Hutoboa tundu dogo, hushusha sindano ya kioo nyembamba mno, na hudondosha kiasi kidogo sana cha virusi visivyoleta ugonjwa. Kazi ya virusi hivyo ni ya tarishi tu: hubeba maagizo ya kutengeneza ile protini ing'aayo na kuyafikisha ndani ya seli.

Baadaye, kwa kawaida baada ya siku kadhaa, panya hulazwa tena. Safari hii tundu la fuvu ni pana kuliko lenzi kidogo. Utando unaoufunika ubongo huondolewa. Kisha sehemu ya gamba la ubongo iliyo juu ya hipokampasi hunyonywa kwa mrija mwembamba, polepole, huku ikioshwa kwa maji ya chumvi, mpaka zionekane nyuzi nyeupe zinazoashiria kwamba hipokampasi iko chini tu. Hapo mtafiti husita. Akizidisha, ameiharibu sehemu aliyokuja kuitazama. Damu ikitulia, lenzi hushushwa mpaka iguse, pengo hufungwa, na vyote hushikizwa kwa saruji ya meno, ileile aina ya saruji itumiwayo na madaktari wa meno. Uso wa lenzi hufunikwa usikwaruzwe. Panya hupewa dawa ya maumivu na ya kuzuia uvimbe, akaamka, akaachwa kwa majuma kadhaa ili kidonda kipone na ukungu wa uvimbe uondoke chini ya kioo. Ndipo kiti kidogo cha kupachikia hadubini hubandikwa juu ya fuvu. Siku hiyo ndiyo ya matokeo: aidha vimulimuli vinaonekana, aidha ni giza, na kazi ya mwezi mzima imekwenda na maji. Kwa sehemu za ndani zaidi, hutumiwa lenzi nyembamba zaidi inayoshushwa moja kwa moja bila kunyonya kitu, ingawa nayo husukuma na kukata kila inapopita.

Hadubini yenyewe ni kisa kingine. Mwaka wa 2011 Kunal Ghosh, Mark Schnitzer na wenzao wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza hadubini kamili, yenye taa yake na kamera yake, iliyokuwa na uzani wa gramu 1.9. Panya mdogo wa maabara ana uzani wa gramu 25 hivi. Ni sawasawa na mwanafunzi wa kilo 50 kubeba karibu kilo 4 kichwani, mzigo ambao mabinti wengi wa nchi hii wameubeba kutoka mtoni bila kuandikwa katika jarida lolote. Tofauti ni kwamba mabinti hao huutua. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles walibuni hadubini yao na kuitoa michoro yake bure kwa yeyote anayetaka kuiunda mwenyewe. Mimi ambaye nimeona maabara zetu zikifungwa kwa kukosa balbu nililipenda jambo hilo kuliko gramu 1.9.

Sasa nirejee kwenye kazi yangu, maana niliposoma taarifa za utaalamu huu nilishughulishwa na vitenzi kuliko vioo.

Chukua neno tunalolitumia sana: kupandikiza. Tumelitoa shambani. Mpunga hupandikizwa, miche ya kabeji hupandikizwa, na siku hizi figo hupandikizwa. Katika mifano yote hiyo kinachotiwa ni kitu hai ambacho tunatazamia kishike, kinywe maji na kukua. Lenzi haishiki wala haikui. Ni kioo ndani ya nyama. Mwanafunzi akisikia "upandikizaji wa lenzi" atapata picha ya bustani. Akisikia "kuchomeka lenzi" atapata picha ya kisu katika ala, na hiyo ndiyo iliyo karibu na ukweli. Sisemi kwamba kupandikiza kufutwe, kwani neno likikwisha kuenea limeenea. Nasema mwalimu ajue neno hilo linabeba nini.

Lakini jambo zito zaidi ni la kinyambuo, nalo kila mwalimu wa Kiswahili anaweza kulipeleka darasani kesho. Tuna kitenzi kutoboa. Mtu anaweza kusema: "Mtafiti alitoboa fuvu." Mtendaji yupo, tendo lipo, fuvu lipo. Anaweza kusema pia: "Fuvu lilitobolewa." Mtendaji ametoweka, ila kiambishi -w- kinatuambia kwamba yupo mahali, amejificha tu. Na anaweza kusema: "Fuvu lilitoboka." Hapa mtendaji hayupo kabisa. Fuvu limejitobokea, kama ndoo kuukuu. Kiingereza cha maabara hupenda ngazi ya pili: kitu fulani kilinyonywa, kingine kiliondolewa, wanyama walifanyiwa hiki na kile. Siwalaumu, huo ni mtindo wa taaluma. Hofu yangu ni kwamba sisi tunapofasiri kwa haraka hushuka hadi ngazi ya tatu, kwa kuwa kauli ya kutendeka ni tamu masikioni, na sayansi yote ikageuka mambo yanayotokea yenyewe bila mkono wa mtu.

Mwanafunzi wa yule mwalimu aliuliza kama panya anaumia. Lugha ya ngazi ya tatu haiwezi kumjibu, kwa sababu swali la maumivu ni swali kuhusu aliyetenda na aliyetendwa.

Kabla ya kulijibu, ni haki tuulize wamepata nini. Nitataja mawili tu, nikiwafikiria walimu.

Mwaka wa 2013 Yaniv Ziv na wenzake wa Stanford walieleza jinsi walivyowafuatilia panya kwa siku 45, wakitazama kupitia lenzi mamia ya seli zilezile za hipokampasi, hata kufikia 1000 kwa panya mmoja. Panya walikimbia katika njia moja wanayoijua vyema. Mtu angetazamia kwamba seli zinazoashiria njia hiyo zingekuwa zilezile kila siku. Haikuwa hivyo. Ukilinganisha siku mbili zozote, ni baina ya asilimia 15 na 25 tu ya seli zilizoshiriki katika ramani ya siku moja ndizo zilizoonekana tena katika ramani ya siku nyingine. Na bado, seli hizo chache zilizorudi ziliashiria mahali palepale, na zilitosha kumjulisha mtafiti panya yuko wapi. Tulizoea kuifananisha kumbukumbu na maandishi yaliyochongwa juu ya jiwe. Hii inafanana zaidi na kwaya ya kanisa ambayo waimbaji hubadilika kila Jumapili na wimbo ukabaki uleule. Waya wa mwaka 1971 usingeweza kulionyesha jambo hili kwa urahisi. Ilibidi kuona.

La pili ni la mwaka wa 2016. Denise Cai, Alcino Silva na wenzao, wakitumia hadubini ya Los Angeles, waliwaingiza panya katika chumba kimoja, kisha baada ya siku 7 katika chumba cha pili, na saa 5 baadaye katika chumba cha tatu. Katika chumba cha tatu panya walipigwa na umeme miguuni. Walipojaribiwa baadaye, panya waliogopa pia chumba cha pili, ambamo hawakuwahi kudhurika, kuliko walivyoogopa cha kwanza. Kupitia lenzi ilionekana kwamba matukio yaliyotengana kwa saa 5 yalitumia seli nyingi za pamoja, na yaliyotengana kwa siku 7 yalitumia chache. Kumbukumbu zilizozaliwa siku moja zilikuwa zimefungwa pamoja. Katika panya wazee kufungamana huko kulipungua.

Nawajua walimu wenzangu. Tayari yupo anayesema: basi Hisabati na Fizikia ziwekwe asubuhi moja ili zifungamane. Polepole, ndugu. Hao ni panya, ni vyumba, na ni hofu. Kati ya hofu ya panya na nadharia ya Pythagoras kuna umbali ambao hakuna lenzi iliyouvuka. Panya ana seli za neva milioni 70 hivi, na binadamu ana takriban bilioni 86. Zaidi ya hayo, binadamu ana lugha. Mimi ninayefundisha jinsi maneno yanavyohifadhiwa kichwani nisingependa kitu kama kuona neno "mama" likimulika katika ubongo wa mtoto, lakini panya hawezi kunionyesha hilo kamwe. Tena kung'aa kwa kalsiamu si wazo. Ni dalili kwamba seli imeshtuka, na ni dalili inayochelewa kidogo. Na tusisahau kwamba ubongo unaotazamwa ni ule uliokwisha nyang'anywa kipande cha gamba lake. Watafiti hupima kama panya bado anatembea na kukumbuka sawasawa, na hueleza kwamba anaweza, ila ni heri msomaji ajue dirisha limefunguliwa kwa kuvunja ukuta.

Je, panya anaumia? Wakati wa kupasuliwa, ikiwa nusukaputi imetolewa ipasavyo, hasikii. Akiamka ana kidonda kichwani, na kidonda huuma. Ndiyo maana hupewa dawa za maumivu na hutazamwa kila siku: anakula? manyoya yamelala au yamesimama? amejikunyata pembeni? Baadaye huonekana akila, akikimbia na kujenga kiota chake na kidude kichwani. Akiishi hivyo huishi kizuizini, kwa kazi ambayo hakuichagua na ambayo faida yake, ikipatikana, si yake.

Wapo watakaocheka. Panya! Sisi tunaowatilia sumu ghalani tunaulizana habari za maumivu yao? Hoja hii ina nguvu, na mkulima aliyepoteza magunia ya mahindi ana haki ya kuitoa. Lakini kumwua mwizi wa mahindi na kumfuga mnyama ili umpasue ni matendo mawili tofauti. Wa pili ameletwa duniani na mkono wetu, kwa ajili ya kisu chetu. Isitoshe, si kila mtu Afrika Mashariki humwona panya kuwa adui. Huko Morogoro shirika la APOPO huwafunza panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na kutambua vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi.

Sheria yetu wenyewe haikuwacheka wanyama. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inamtaka anayefanya majaribio juu ya mnyama awe na leseni. Na tangu mwaka wa 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, waliweka misingi mitatu ambayo maabara nyingi huifuata: kama unaweza kupata jibu bila mnyama, epuka, kama huwezi, punguza idadi, na hao wachache uwatulize maumivu kadiri iwezekanavyo. Wenye Kiingereza hujivunia kwamba misingi yote mitatu huanza kwa herufi moja. Sisi tukisema kuepuka, kupunguza na kutuliza sifa hiyo tunaipata bure.

Kwa mizani hiyo, lenzi ina la kujitetea. Zamani, aliyetaka kujua ubongo hubadilikaje kwa mwezi alilazimika kuua kundi moja siku ya kwanza, jingine siku ya kumi, jingine siku ya thelathini. Kwa lenzi, panya mmoja hufuatiliwa mwezi mzima, na idadi inapungua. Lakini mzigo wa kila mmoja umeongezeka na kurefuka. Nimelipima jambo hili kwa muda, na rai yangu ni kwamba kazi ya namna hii inakubalika pale tu swali linaloulizwa ni zito, na aliyeshika mrija ana ujuzi. Mwanafunzi wa uzamili anayejifunzia mkono wake juu ya panya arobaini kwa swali lililokwisha jibiwa hana utetezi, hata akiwa na leseni.

Ndiyo maana nashikilia kwamba mambo haya yaelezwe katika lugha ambayo mtoto huotea ndoto. Mtoto aliyeuliza kama panya anaumia hakuuliza kwa sababu hana istilahi. Aliuliza kwa sababu aliona mnyama. Tukimjibu kwa lugha asiyoimudu vyema, atayapokea majina ya vifaa, akafaulu mtihani, na swali lake likafa.

Rasimu ya makala haya nilimpelekea mwalimu yule kabla ya kuileta gazetini. Kulikuwa na sentensi moja iliyonisumbua sana, ile ya mwisho wa safari ya panya. Ni kawaida, uchunguzi ukimalizika, ubongo wake utolewe na kukatwa vipande ili ihakikishwe kwamba lenzi ilitua mahali palipokusudiwa. Watu wa maabara wanaotumia Kiingereza wana neno lao hapo, neno la madhabahuni. Nilijaribu kafara, nikaliona kubwa mno. Nikajaribu dhabihu, nikasikia aibu. Mwishowe nikaandika kwamba panya "hutamatishwa".

Rasimu ilirudi baada ya siku nne. Mwalimu alikuwa amesahihisha nukta mbili za tahajia, na penye neno "hutamatishwa" alikuwa amepiga mstari kwa kalamu nyekundu na kuandika juu yake: "huuawa". Pembeni aliongeza kwamba mwanafunzi wake amekwisha kuisoma, na kwamba sasa anauliza ni nani humwua.

Ni mtafiti yuleyule aliyemchomeka lenzi, au msaidizi wake.